Australia: Kilomita 846 peke yako hadi mji wa opali

Kutoka Adelaide, kusini mwa Australia, hadi Coober Pedy, mji wa wachimbaji wa mawe ya thamani aina ya opali, ni kilomita 846. Barabara yote ni ya lami, lakini anayeipita peke yake kwa gari lazima ajipange kabla ya kuondoka.

Kati ya Glendambo na Coober Pedy, karibu kilomita 250, hakuna kituo cha mafuta. Nje ya miji, rezo ya simu inapotea. Malori yenye kuvuta trela tatu yanaweza kuwa na urefu wa zaidi ya mita 50. Jioni kangaroo wanakatiza barabara, ndiyo maana madereva wengi wanaepuka kuendesha usiku.

Polisi wanashauri msafiri amwachie mtu habari za njia atakayopita na siku atakayofika. Gari likiharibika, asiliache: rubani wa ndege huona gari kwa urahisi kuliko mtu anayetembea.

Mwaka 1998, karibu na Ziwa Eyre, mashariki mwa barabara hiyo, gari la watalii wawili kutoka Austria lilikwama mchangani. Mmoja alikwenda kwa miguu kutafuta msaada, akafa njiani kwa joto. Mwenzake alirudi kwenye gari, palipokuwa na maji, akaokolewa.

Huko Coober Pedy, opali ilivumbuliwa mwaka 1915 na kijana wa miaka 14. Hadi leo kazi hiyo ni ya wachimbaji wadogo, kila mmoja na kiwanja chake. Wakaaji wengi wanaishi katika nyumba zilizochongwa chini ya ardhi, kwa sababu wakati wa kiangazi joto linapita digrii 40.

Kandokando ya mji, mashimo mengi ya zamani yamebaki wazi, mengine yenye kina cha makumi ya mita. Vibao vinaonya: usikimbie, usitembee kinyumenyume. Mtu anayerudi nyuma hatua moja ili apige picha anaweza kutumbukia.

Kwa mgeni asiye na mwenzake, hakuna wa kusikia kelele zake. Tumaini linalobaki ni yule mtu aliyeachiwa habari, anayehesabu siku na kuona kwamba msafiri hajafika.