Onesho la maua ku Uingereza: juu ya nini ua zuri linaweza kushindwa

Leo tutoke kidogo kwenye mambo ya mitihani na kutafuta kazi. Tuongee maua. Ndiyo, maua. Msicheke kwanza.

Ku Uingereza, mwezi wa 3 na wa 4, vijiji na mitaa mingi inafanya kitu kimoja. Chama cha wapenda bustani cha hapo kinachukua sali ya kijiji, wanapanga meza ndefu, na mtu yeyote mwenye bustani, hata kama ni ya mita mbili mbele ya mlango, analeta maua yake yashindane. Ni onesho la majira ya kuchipua, ile printemps tuliyoisoma ku shule bila kuiona kwa macho. Wanaoleta si wafanyabiashara wa maua. Ni mwalimu aliyestaafu, fundi wa mabomba, mama wa nyumbani, siku hizi hata mwanafunzi mgeni aliyepanga chumba chenye dirisha. Zawadi mara nyingi ni kikaratasi na sarafu chache, na pengine kikombe ambacho mwaka ujao utakirudisha. Lakini juu ya kikaratasi hicho watu wanaamka kabla ya jua.

Kitu kilichonifanya niandike ni hiki: ku meza ile, ua linaloshinda mengine yote kwa uzuri linaweza kutoka mikono mitupu, ua la kawaida likakamata nafasi ya kwanza, na hakuna mtu aliyeonewa. Ukielewa namna gani hiyo inawezekana, umeelewa onesho lote.

Kila kitu kinaanzia kwenye programu. Ni kijitabu ambacho chama kinatoa miezi mbele, na ndani yake kuna kategori zenye namba. Kwa mfano unaweza kukuta: dafodili 3 za tarumbeta, aina moja. Ao: chombo kimoja cha maua ya majira, jamii 3 tofauti. Ao: mmea mmoja wenye maua, chungu kisipite santimita 15. Mistari hii ni mifupi na mtu anaisoma haraka haraka, sawa vile tunavyosoma tangazo la konkuri: tunaona tarehe na mshahara, mengine tunaruka. Hapo njo watu wanaanguka.

Programu ikisema 3, ni 3. Ukiweka 4 kwa kuona kwamba chombo kimebaki na nafasi, mwamuzi hatapima uzuri wa kitu chochote. Atachukua kalamu na kuandika ku karatasi yako herufi tatu, N.A.S., ambazo kwa Kiingereza ni kifupi cha kusema kwamba kazi hii hailingani na programu. Imeisha. Hata kama dafodili zako ni za ajabu. Ni sawa na mwanafunzi aliyejibu vizuri sana swali ambalo halikuulizwa.

Kuna mtego mwingine wa maneno, na huu wasomi watautambua haraka: tofauti kati ya jamii na aina. Dafodili na tulipu ni jamii mbili. Lakini dafodili inayoitwa 'Carlton' na dafodili inayoitwa 'Ice Follies' ni jamii moja, aina mbili. Basi programu ikiomba jamii 3 tofauti, wewe ukaleta dafodili za rangi tatu, macho yako yameona vitu vitatu, lakini mwamuzi ameona kimoja. N.A.S. Kinyume chake pia kinaua: wameomba aina moja, umeweka mbili za 'Carlton' na moja inayofanana nayo kutoka kwa jirani. Na kumbuka, ua la jirani lenyewe ni kosa. Kanuni ya kawaida ni kwamba ulicholeta umekiotesha wewe mwenyewe, na kwa mimea ya chungu vyama vingi vinataka iwe imekaa mikononi mwako kwa muda fulani kabla ya siku yenyewe, ili mtu asipite dukani Ijumaa na kushinda Jumamosi.

Sasa dafodili yenyewe. Ni ile ambayo vitabu vya Kifaransa vinaita jonquille ao narcisse: petali sita zimejipanga kama nyota, na katikati kuna kitu kama kikombe ao tarumbeta. Chama kikubwa cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, wanaomwita RHS, wamezigawa dafodili katika makundi 13, na makundi matatu ya kwanza yanapimwa kwa rula. Kweli, rula. Ua likiwa moja ku mti wake, na tarumbeta ikiwa na urefu sawa na petali ao zaidi, ni kundi la 1. Ikiwa imepita theluthi moja ya petali lakini haijafika urefu wake, ni kundi la 2, kikombe kikubwa. Ikiwa ni theluthi moja ao chini, kundi la 3, kikombe kidogo. Kwa hiyo petali za milimita 45 zikiwa na kikombe cha milimita 15, uko kundi la 3. Kikiongezeka milimita moja, umehama. Kisha kuna herufi za rangi: Y ni njano, W ni nyeupe, O ni rangi ya chungwa, P ni waridi, R ni nyekundu, G ni kijani. Ya petali inaandikwa kwanza, ya kikombe inafuata. 'King Alfred', dafodili maarufu ya njano iliyojulikana tangu 1899, ni 1 Y-Y. Ukiona maandishi hayo, unajua ua lile likoje bila picha. Mimi napenda sana mambo ya namna hii, najua si kila mtu.

Wengine mutauliza: mbona tusioteshe huku kwetu? Shida ni baridi. Dafodili inatoka ku kitunguu, na kitunguu kile kinahitaji wiki 12 hivi za baridi kali ndani ya udongo ili ua lijitengeneze vizuri na kupanda. Hata Bukavu na Butembo, pamoja na baridi yote tunayoilalamikia asubuhi, haifiki pale. (Na kisikudanganye kinavyofanana na kitunguu cha mboga. Kina sumu.)

Baridi hiyo hiyo njo inawatesa washindani. Tarehe ya onesho imeandikwa mwaka mzima mbele, lakini ua halisomi kalenda. Majira yakiwa ya joto, dafodili zinafunguka wiki mbili mapema na siku ya onesho zimekuwa kama karatasi iliyonyeshewa. Baridi ikikaa sana, siku inafika na bado zimefumba. Ndiyo maana wenye uzoefu hawategemei kitanda kimoja cha bustani. Wanapanda aina za mapema na za kuchelewa, nyingine wanaweka ndani ya vyungu ili waweze kuzihamisha: kivulini kuzichelewesha, ndani ya nyumba ya vioo kuziharakisha.

Kukata ni siku moja ao mbili mbele, asubuhi ao jioni, si saa ya jua. Ua linasimamishwa ndani ya maji mengi, fasi yenye giza na ubaridi, usiku kucha. Dafodili ziwekwe peke yake kwanza, maana zikikatwa zinatoa utelezi unaoharibu maua mengine, tulipu hasa. Na tulipu nayo ina tabia yake: hata ikishakatwa inaendelea kurefuka ndani ya maji, na ikiingia sali yenye joto inajifungua wazi kama mwavuli. Wanaifunga ndani ya karatasi ya gazeti ili mti usipinde, na wanaiacha kwenye baridi mpaka dakika ya mwisho.

Kisha kuna kusafisha, kazi ya subira. Kwa brashi laini ya rangi unaondoa udongo na vumbi la chavua. Petali iliyojikunja kidogo unaweza kuinyoosha polepole kwa kidole. Hiyo inaruhusiwa. Kubandika, kukata kipande kilichooza ili kisionekane, hapana. Mwamuzi anaangalia ua lina uzima gani, petali zimelala sawa ao zimepinda, shingo ni fupi na imara ao ua linaangalia chini kama mtu aliyekosa. Na pale programu imeomba maua 3, anaangalia kitu ambacho wageni hawakifikirii: yanafanana? Matatu ya kadiri yaliyo kama mapacha yanashinda mawili makubwa ajabu na moja dhaifu.

Siku yenyewe, sali inafunguliwa asubuhi kwa washindani. Kila mmoja anatafuta kategori yake ku meza, anasimamisha maua ndani ya chombo, anajaza majani ya kuvu ao gazeti mdomoni ili miti isilegee. Mbele ya chombo anaweka kadi yenye namba ya kategori, na jina lake limelala chini, upande usioonekana. Halafu saa ikifika, kengele ao sauti: washindani wote nje. Mlango unafungwa. Mwamuzi, ambaye mara nyingi ameitwa kutoka fasi nyingine, anapita na msaidizi wa kuandika. Hajui ua la nani. Kadi zinageuzwa baada ya uamuzi, si mbele.

Hapa nisimame kidogo, juu hii kadi iliyolala ni muhimu kuliko maua kwa upande wangu. Desturi hii ya kushindanisha maua ni ya zamani. Ancient Society of York Florists ilianzishwa 1768, miaka 36 kabla ya RHS yenyewe, ambayo ilianza London mwaka 1804. Na wakati ule kaskazini mwa Uingereza, washindani wakali hawakuwa mabwana wenye majumba. Walikuwa mafundi. Wafumaji wa vitambaa wa Lancashire walijulikana kwa aurikula, ua dogo la milimani ambalo aina zake za onesho zina unga mweupe kama wa muhogo ku majani na ku ua. Tone moja la mvua linaharibu unga ule. Mfumaji alifanya kazi nyumbani, mashine iko dirishani. Wingu likionekana, aliweza kuacha kitambaa na kukimbia kufunika vyungu vyake. Maonesho yalifanyika ndani ya mabaa, na zawadi inayokumbukwa mpaka leo ni birika la shaba.

Jiulize, mtu wa namna hiyo, bila cheo, bila jamaa mkubwa, anawezaje kumshinda tajiri mwenye watunza bustani kumi? Kwa kipimo kilichoandikwa tu. Kama uamuzi ungekuwa ni "hili limenipendeza", basi lingependeza kila mara lile la bwana. Lakini programu ikisema 3, na kipimo kikiwa ni theluthi moja, na jina likiwa limelala chini, bwana na mfumaji wako sawa mpaka kadi zigeuzwe. Wale wanaoona N.A.S. kama ukatili wa wazee wenye kichwa kigumu, mimi sikubaliani nao. Siku mwamuzi anamsamehe mmoja ua la nne kwa sababu ni zuri, ameanza kuchagua nani wa kusamehewa. Tuliokaa mbele ya orodha ya konkuri iliyobandikwa, tukijiuliza majina yalipangwaje, hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Kitu kimoja cha kufurahisha: kuna chama cha tulipu cha Wakefield, Wakefield and North of England Tulip Society, ambacho kinahesabu miaka yake tangu 1836. Mpaka leo, ku onesho lao la mwezi wa 5, tulipu zinasimamishwa ndani ya chupa za bia za rangi ya kahawia. Si mapambo ya kisasa. Ni kumbukumbu ya mabaa yale, fasi ambapo chombo cha karibu kilikuwa chupa tupu. Na tulipu zenyewe, zenye mistari kama manyoya na ndimi za moto, michoro ile inatokana na virusi vinavyobebwa na vidukari. Ugonjwa njo umezipa uzuri.

Turudi sali yetu. Mchana mlango unafunguliwa, watu wanaingia mbio bila kuonekana wanakimbia. Kadi nyekundu mara nyingi ni ya kwanza, ya bluu ya pili, ya njano ya tatu. Pengine utakuta kategori ina vyombo vitatu, lakini ya kwanza haikutolewa, ya pili na ya tatu tu. Mwamuzi ana haki hiyo: kuwa peke yako hakukupi ushindi kama kazi haikufika kiwango. Mabishano yanakuwepo, kwa sauti ya chini, karibu na meza ya chai na keki.

Kama uko kule kwa masomo na unataka kujaribu, si ngumu. Ulizia programu ku maktaba ya mtaa ao kwa sekretere wa chama. Usome mara mbili, halafu uisome tena na rula mkononi. Angalia siku ya mwisho ya kupeleka fomu, mara nyingi ni siku chache mbele ya onesho, na wakishafunga wamefunga. Tafuta kategori ya wanaoanza, vyama vingi wanayo kwa wale ambao hawajawahi kushinda nafasi ya kwanza. Anza na ua moja, si chombo cha jamii tano. Leta maua mawili ya akiba ndani ya ndoo, maana moja litavunjika ku basi. Na programu ikisema vyombo visiondolewe kabla ya saa kumi na nusu, usiguse chako saa kumi na robo, hata kama basi lako linapita.