Kuchagua Mabomba ya Kiunzi cha Guta

Kikundi cha vijana kinachounda guta la kubebea mazao kwa mkopo wa Halmashauri kwa kawaida huhangaikia magurudumu na minyororo, ilhali kiunzi huamuliwa na bei ya dukani. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa. Kiunzi kikivunjika katikati ya mavuno, guta husimama, marejesho hayasimami.

Wengi huamini kuwa chuma kizito ndicho imara. Kwa mzigo unaopinda, sivyo. Nondo ya milimita 25 ina uzito wa takribani kilo 3.9 kwa mita. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 40 na ukuta wa milimita 3 lina kilo 2.7 hivi, nalo chini ya mzigo uleule hupinda kwa theluthi moja tu ya nondo hiyo. Chuma chake kimekaa mbali na kitovu, mahali ambapo mvutano na mbano huwa mkubwa zaidi. Kile cha katikati ya nondo hufanya kazi ndogo.

Ukuta nao una kikomo chake. Wa milimita 1 huokoa fedha, lakini hutoboka upesi wakati wa kuchomelea na hubonyea ukigongwa na jiwe, na njia za mashambani hazikosi mawe. Mnunuzi apime mwenyewe kwenye mdomo wa bomba, wala asitegemee jina: bomba la maji liitwalo la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 34, kwa kuwa jina hilo hufuata tundu la ndani.

Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yanahitaji tahadhari ya ziada. Zinki ikiungua hutoa moshi unaomletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Ikwanguliwe kwanza sehemu ya kuunga, na kazi ifanyike mahali penye hewa.

Nyufa nyingi huanzia kando ya kiungo kilichochomelewa. Kwa hiyo kiungo kisiwekwe katikati ya boriti ndefu, wala pasitobolewe hapo tundu la bolti. Kiunzi cha mistatili mitupu huyumba. Bomba moja la mshazari hukigawa kuwa pembetatu na kukikaza.

Mchoro wa kiunzi na orodha ya mabomba, pamoja na unene wa kila moja, viambatishwe kwenye andiko la mradi linalopelekwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.