Kimeng'enya Kisichomeng'enya

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, nacho maana yake ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo. Kwa habari za chakula neno hili halina kasoro: kongosho lenyewe humimina utumboni maji yenye vimeng'enya vivunjavyo mafuta, wanga na protini. Lakini ndani ya kongosho hilo hilo zimo chembe ambazo vimeng'enya vyake hufanya kazi nyingine kabisa, na msomaji akiishika mno asili ya neno atapotea njia.

Chembe hizo zimo katika mafungu aliyoyaeleza Paul Langerhans, Mjerumani, mwaka 1869, yakaja kuitwa visiwa. Ndiyo maana insulini ina jina lililotoka katika neno la Kilatini la kisiwa. Chembe za beta ndizo ziitengenezazo. Glukosi ikizidi katika damu huingia chembeni, ikapokewa na glukokinasi. Kimeng'enya hiki hakiivunji, huipachika fosfati. Kwa kuwa mwendo wake huongezeka kadiri glukosi izidivyo, ndicho kipimo cha sukari cha chembe. Mtu aliyerithi nakala moja mbovu ya jeni yake hukaa na sukari iliyopanda kidogo tangu kuzaliwa, maana kipimo kimekosewa. Kisha glukosi huchomwa, ATP huongezeka, milango ya potasiamu hufungwa, umeme wa utando hubadilika, kalsiamu huingia, na vifuko humwaga insulini.

Iko na njia ya pili. Baada ya mlo utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo haiingii chembeni: hushika kipokezi kilichoko juu ya utando, na upande wa ndani kimeng'enya adenililisaiklasi hugeuza ATP kuwa AMP ya duara, mjumbe aliyetambuliwa na Earl Sutherland wa Marekani katika miaka ya 1950. Mjumbe huamsha protini kinasi A, nayo hupachika fosfati katika protini nyingine, hata kalsiamu ile ile ikatoa insulini nyingi zaidi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mjumbe hukuza mwito tu, hauanzishi; glukosi ikiwa chache, hana la kukuza. Kwa sababu hiyo dawa za namna ya GLP-1, ambazo ya kwanza, eksenatidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, zikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi.

Wataalamu wa istilahi wangeweza kupendelea kichocheo, ila neno hilo limekwisha kubebeshwa mengi, hata homoni zenyewe. Afadhali kinasi kwa vile vipachikavyo fosfati. Kimeng'enya kibakie jina la jumla, nacho fosfodiesterasi kinalistahili kwa maana yake ya asili: huivunja AMP ya duara, na ujumbe ukakoma.