Motopompi yangu ndani ya DC-9

Hapa Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ndeke ikipita kwenda kushuka Bangoka watoto wanakimbia nje kuiangalia. Mimi nabaki kwenye kiti, nasikiliza motere.

Mwaka wa 2007 nilikuwa Goma, narudi Kisangani. Feza yote ya almasi niliiweka ndani ya motopompi moja ya kutoa maji kwenye shimo, maana bei ya Goma ilikuwa nafuu. Kwenye kiwanja cha ndeke mzigo ulipimwa: kilo 48. Bileti iliruhusu kilo 20. Nikamwambia kijana wa mizani: «Mukubwa, tusikilizane.» Dola 10 mkononi, akaandika 20. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye magunia ya maharagi, naye walisikilizana. Tulicheka wote watatu.

Ndeke ilikuwa DC-9, motere mbili kwenye mkia. Aina ile iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1965. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mkanda wangu haukushika, nikaufunga fundo. Nilikaa nyuma kabisa, kule motere zinapiga kelele mpaka humsikii jirani.

Ikaanza kukimbia. Ikakimbia, ikakimbia tena. Mutu wa shimo anajua sauti ya motere inayovuta kupita nguvu yake, na ile sauti niliisikia. Pua ilipoinuka, mabati ya Birere yalikuwa karibu sana chini yetu. Kisha ziwa. Mama wa maharagi alikuwa ameshika mkono wangu, na hakuna aliyecheka.

Baadaye mekanisia mmoja alinieleza. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na hewa ya juu ni nyepesi. Motere inakosa pumzi, mabawa nayo yanakosa cha kushika, kwa hiyo ndeke inaomba njia ndefu. Lakini moto wa Nyiragongo, Januari 2002, ulikuwa umefunika upande wa kaskazini wa njia ile. Piloti anafanya hesabu yake kwa kilo zilizoandikwa kwenye karatasi. Zangu 28 hazikuwa kwenye karatasi.

Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ingine, safari ya Goma, Kisangani, Kinshasa, haikuinuka. Ilipita mwisho wa njia ikaingia Birere. Wengi waliokufa hawakuwa abiria, walikuwa watu wa soko. (Ile ya tarehe 8 Julai 2011 hapa Bangoka ni habari ingine: ilikuwa 727, inashuka ndani ya mvua kali.)

Mzigo wangu haukuwa ndani ya ndeke ile, najua. Ilisemwa kwamba motere moja ilileta matatizo. Lakini mabati yale niliyapita mimi mwaka mmoja mbele, na kilo za uongo.

Motopompi ilifanya kazi miaka tatu, nikaiuza.

Juzi kijana wangu alikuwa anaenda Bunia. Nilitundika mfuko wake kwenye kilo ya mama anayeuza samaki: 27.

«Papa, watu wote wanapitishaka.»

Nikatoa bidoni ya mafuta ya mawese. Ikabaki 22. Nikatoa na viatu.