Kwa nini saruji haifai kukarabati kuta za Thimlich Ohinga
KUTA za mawe za Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, zilijengwa yapata karne ya 16 bila udongo wala chokaa, ili kukinga watu na mifugo. Kimo chake ni mita 1.5 hadi 4.5.

Uimara wake umo katika mpangilio: safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, zikishikanishwa na mawe madogo katikati.

Sehemu inapobomoka, fundi huondoa mawe yaliyolegea na kuyapanga upya, akiyakaza kwa vijiwe. Saruji ingeziba mianya inayopitisha maji ya mvua, nayo maji yakikwama husukuma ukuta.

Isitoshe, Shirika la UNESCO liliorodhesha eneo hilo kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2018 kutokana na ufundi huo. Ukipotea, yatabaki mawe tu.