Kereng'ende wa Kilimambogo

Tukitajiwa Kilimambogo wengi wetu huwaza mbogo, na kweli wako, tena wa kuogopwa. Lakini chama chetu kilipozuru huko muhula uliopita, aliyenishughulisha mimi ni mdudu: kereng'ende. Naomba niwaeleze habari zake, maana ana la kutuambia kuhusu maji ya Mto Athi.

Kwanza mahali penyewe. Ukipanda matatu hapa Landless ukafuata barabara ya Garissa, mlima utauona mkono wa kulia. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani mmoja tajiri, William Northrup McMillan, alikuwa na shamba kubwa mno la Juja, ambako mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Baadaye akamiliki na ardhi ya mlimani. Sisi wa Landless, jina lenye maana ya wasio na ardhi, tulitazamana tu! Alifariki 1925 akazikwa mlimani, na karibu naye wamelala mkewe Lucie, mtumishi wao Louise Decker, na hata mbwa ana kaburi. Mwaka 1967 mlima ulifanywa mbuga ya taifa.

Haya, kereng'ende. Watoto humwita helikopta, nao hawakosei. Mabawa yake manne kila moja laweza kwenda kivyake, ndiyo maana husimama hewani na hata kurudi kinyumenyume. Kila jicho lake limeundwa kwa vijicho vidogo vinavyoweza kufika 30,000, kwa hivyo usidhani utamnyemelea kwa nyuma. Simama kando ya matete jua likiwa limepanda, kivuli chako kisimwangukie. Akiruka, ngoja. Mara nyingi hurudi kwenye kijiti kile kile.

Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha majini. Jike hutaga huko, na mtoto anayeanguliwa hana mabawa, ila ana mdomo wa chini unaofyatuka kama mkono na kunasa viluwiluwi vya mbu. Hupumua kwa matako (msicheke, ni sayansi), na akitaka kukimbia hufyatua maji kwa huko huko. Akikomaa hupanda tete, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka na mabawa. Maganda matupu tuliyaona yangali yameshikilia matete.

Sasa, mtoto huyo akiishi majini miezi, au miaka kwa aina nyingine, hawezi kuuhama uchafu. Aina zinazotaka maji safi hutoweka, zikabaki chache zinazovumilia. Ndiyo sababu wataalamu huhesabu aina za kereng'ende ili wajue hali ya mto. Pale maporomoko ya Fourteen Falls, chini ya mlima, tulikuta povu jeupe na mifuko ya plastiki, na harufu si mchezo. Mto Nairobi huingia Athi kabla ya hapo, na taka za jiji huja nao. Nilikaa saa nzima nikaona aina mbili tu. Kwenye dimbwi la mvua kando ya barabara nilihesabu tano! Hesabu ya mwanafunzi si utafiti, lakini ilinikera.

Yupo mmoja wa rangi ya manjano anayejaa viwanjani mvua za vuli zikija. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson alieleza kwamba huyo huvuka bahari kutoka Bara Hindi kupitia Maldives, akibebwa na upepo, kama majahazi ya zamani na kaskazi. Kumbe safari yote hiyo anatafuta maji ya kutagia! Nao Athi hushuka, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia bahari hiyo hiyo karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaoteka maji yake.

Muhula ujao tunataka kuhesabu tena, juu na chini ya maporomoko. Mwalimu wa bayolojia amekubali kutupa neti na ndoo. Anayetaka kuja aandikishe jina lake kwa katibu, na asisahau kofia.