Mlinzi Ameondoka, Mashini Bado Nzima

Katika kibanda kimoja cha kuchapa kazi za wanafunzi hapa Lubumbashi kuna mashini ya HP ya mtumba, iliyotoka Ubelgiji. Herufi A na E zimekwisha futika kwenye kibodi. Umeme ukikatika, betri huvumilia kama nusu saa hivi, kisha inasubiriwa jenereta ya jirani. Haijawahi kumshinda mwanafunzi. Lakini ukiiuliza kama inaweza kupokea Windows 11, inakujibu kwa Kifaransa kwamba haitimizi masharti.

Masharti yenyewe ni mawili hasa: kichipu cha kutunza funguo za siri, TPM 2.0, na prosesa isiyo kuukuu. Kwa Intel, mstari ulichorwa kwenye kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kizazi cha 7 kikaachwa nje, isipokuwa prosesa chache. Na mojawapo ya hizo ndiyo iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft yenyewe. Msomaji na aamue.

Basi mashini ile imebaki na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 viraka vya usalama vya kawaida, miaka kumi na ushee tangu itoke. Siku hiyo hakuna mashini iliyozimika. Ndiyo maana mteja akiambiwa "imekufa", humtazama fundi kama tapeli.

Hatari inakuja polepole, tena kwa njia ya ajabu. Windows 11 ilijengwa juu ya Windows 10, kwa hiyo matundu mengi ni yaleyale. Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft hutoa viraka vipya. Mhalifu huchukua faili la kabla ya kiraka na la baada yake, akayalinganisha. Pale palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu. Basi kiraka kinachomponya mwenye Windows 11 kinamwonyesha mwizi dirisha la mwenye Windows 10, na asipopata viraka vya nyongeza, dirisha hilo halifungwi tena.

Mfano tunao. Machi 2017 Microsoft iliziba tundu moja kubwa. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita humohumo, kikafunga mafaili katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Windows XP, iliyoachwa tangu 2014, ilipewa kiraka cha wote baada ya maafa kuanza. Ila wengi walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa tayari kwa miezi miwili, ila hawakukiweka tu. Hapo na sisi tujikune: ni wangapi mjini humu huzima masasisho ili megabaiti zisiishe?

Kuitupa? Mji huu una mlima mweusi wa mabaki ya shaba uliorundikwa tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye mabaki hayo yakaanza kuyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti. Vivyo hivyo mashini ile si takataka: inaweza kubeba mfumo wa Linux Mint, ambao ni wa bure na unapata viraka. Ubaya wake ni kwamba mémoire, yaani tasnifu ya mwanafunzi, iliyoandikwa kwa Word, ukiifungua kwa LibreOffice inayotumika huko badala yake, pambizo na namba za kurasa huweza kuhama, na profesa hataki kusikia habari za Linux. Kwa hiyo nakili kazi zako kwenye flashi kwanza, ujaribu, ndipo uamue.

Kwa anayebaki na Windows 10 nyumbani, Microsoft iliongeza muda wa viraka hadi 13 Oktoba 2026. Njia za kuupata zilikuwa kulipa dola 30, kutumia pointi za zawadi za kampuni hiyo, au kukubali mipangilio ya mashini yako ihifadhiwe kwenye seva zake. Ulaya mashirika ya watumiaji yalipiga kelele, masharti hayo yakaondolewa, ikabaki kuingia na akaunti tu. Mashini ile ya HP, ingebaki Ubelgiji, ingelindwa bure.